Sisi Wenye Kilo Zetu Nasi Tunataka Kulala

Kila mwaka joto la Maskati likishaanza kupungua, mwezi wa Novemba hivi, hubandikwa lile tangazo la safari ya milimani na chini yake orodha ya vitu vya kuchukua: viatu imara, maji lita nne, tochi, jaketi, mfuko wa kulalia. Halafu mstari wa mwisho: magodoro yatatolewa na chama. Wengi wenu mnaupita mstari huo bila hata kuusoma. Wachache wetu tukiufikia tunaanza kutafuta udhuru wa kubaki bwenini.

Magodoro yenyewe mnayajua. Ni yale ya kujaza upepo, upana sentimita 51, urefu sentimita 183, unene wa vidole vitatu. Yalinunuliwa kwa mkupuo mmoja kwa bei nzuri, yote ya namna moja, na kwa mtu wa kilo 60 hayana neno. Mwenzenu nina kilo 118. Naitaja namba hiyo hadharani ili tusipoteze muda kuzungukazunguka. Nikilijaza godoro lile mpaka likaze, nalala juu ya gogo, nikigeuka tu niko chini. Nikilipunguza upepo ili lilainike, nyonga inakwenda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe. Mikono ndiyo haina pa kukaa kabisa, maana mabega yangu peke yake yanazidi upana wa godoro, kwa hiyo viwiko vinalala nje kwenye baridi kama wageni waliochelewa.

Waswahili walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kamati iliyonunua vitu vile ilikuwa ya watu wembamba watupu. Siwalaumu kwa wembamba wao, ila nataka safari hii, kabla hatujatoa tena fedha za wanachama, watusikilize na sisi.

Maana jambo lenyewe si la kudekezana. Msimu wa mwaka juzi tulikuwa wanne wenye miili mikubwa katika safari hizi. Mwaka jana tukawa wawili. Msimu huu, kwa orodha niliyoiona ubaoni, nimebaki peke yangu. Dada mmoja aliyeacha nilimuuliza kulikoni, kama ni magoti au pumzi. Akanijibu, "Kaka, mchana sina tatizo hata kidogo. Tatizo langu ni usiku." Huyo ni mtu aliyepanda Jebel Shams kwa njia ya W4 mpaka kilele cha kusini, mita 2,997, na kushuka kwa miguu yake mwenyewe. Mlima haukumshinda. Kilichomshinda ni kipande cha nailoni chenye upepo. Na tusisahau kwamba kushuka W4 ni mawe yanayoteleza chini ya mguu kwa saa kadhaa, na mtu ambaye hakulala huweka mguu vibaya. Mzito akianguka huanguka na uzito wake wote.

Najua jibu ambalo wengine wanalo tayari mdomoni: basi punguzeni mwili. Jamani, hizi safari ndizo tunazopunguzia. Huwezi kumwambia mtu akonde kwanza ndipo aje kutembea, sawa na kumwambia ajifunze kuogelea kwanza ndipo aingie majini. Na kinachonichekesha ni kwamba sisi hawa hawa, kwetu, mtu akirudi likizo amenenepa tunamsifu kwamba Ulaya au Uarabuni kumempenda, tukifika kambini tunamwita bonge na kumuuliza kama hema litamtosha.

Jibu la pili lina heshima zaidi kidogo. Linasema babu zetu walilala kwenye mikeka na hawakulalamika mgongo. Ni kweli, lakini tazameni mkeka ule ulitandikwa wapi. Ulitandikwa kwenye mchanga, na mchanga unachimbika ukafuata umbo la mtu, au ulitandikwa juu ya kitanda cha kamba. Kitanda cha kamba, wandugu, ni uhandisi mzuri kuliko mnavyodhani. Kamba zinalegea pale penye uzito mwingi na kubaki zimekaza penye uzito mchache, ndiyo maana hata kile cha bei ya chini kabisa, teremka tukaze, kina jina linalotoa maelekezo ya matunzo: kikishalegea mno, teremka, tukaze, panda tena. Hakuna babu aliyelala kwa hiari juu ya mawe ya Oman na mkeka mtupu. Mawe haya yanayozunguka Maskati, yale meusi na ya kahawia, ni sakafu ya bahari ya kale iliyosukumwa juu ya nchi kavu, na wanajiolojia wanatoka dunia nzima kuja kuyatazama. Kuyatazama. Sijasikia aliyekuja kuyalalia.

Sasa niingie kwenye fani yangu kidogo, nivumilieni. Kinachoumiza nyonga si uzito wenyewe, ni uzito kugawanywa kwa eneo dogo. Mtu wa kilo 118 anashuka kwa nguvu ya niutoni kama 1,150. Tuchukulie akilala chali mwili wake unagusa eneo la mita ya mraba 0.4, basi mkandamizo ni kama paskali 2,900. Akigeuka ubavu, eneo linapungua pengine kwa nusu, mkandamizo unakaribia kuwa maradufu, na wote unakwenda kwenye bega na nyonga. Mwenzake wa kilo 60 ana nusu ya uzito wake, lakini wote wawili wamepewa sentimita 51 zile zile za kujitandaza. Mwembamba zinamtosha. Mnene sehemu ya mwili wake iko nje, haisaidii kubeba chochote, na ile iliyobaki ndani inabeba zaidi.

Kwa hiyo godoro la upepo lina njia mbili tu za kumbeba mzito. Ama upepo wa ndani uwe na msukumo mkubwa, maana yake godoro gumu, ama mwili uzame mpaka upate eneo la kutosha, maana yake lazima kuwe na kina cha kuzamia. Unene wa sentimita 5 hauna kina hicho. Sentimita 8 zinaanza kuwa kitu, 10 ni raha. Na upana uwe sentimita 64, ambao viwanda vingi vikubwa vinautengeneza siku hizi na kuuita mpana. Kutoka 51 kwenda 64 umeongeza robo nzima ya eneo, na mikono imepata kwao.

Hapo ndipo wauzaji wanapokuja na habari ya wepesi. Utaambiwa lile jembamba limepungua gramu 150, nawe mpanda mlima unatakiwa uhesabu kila gramu. Gramu 150 ni maji ya glasi ndogo. Katika nchi ambayo tunabeba lita nne mpaka tano mgongoni kabla hatujaweka hata tende kwenye shanta, mtu mwenye kilo zangu kuuza usingizi wake wa usiku mzima kwa glasi moja ya maji ni biashara ya hasara. Wanaoandika sifa za vifaa hivi wengi wao ni vijana wembamba wanaotembea miezi mitatu mfululizo huko Marekani. Wana haki ya kuhesabu gramu. Sisi tunatembea siku mbili na nusu, na usiku wa kwanza gari liko hatua mia mbili kutoka kwenye hema.

Jambo la gari ni muhimu, maana ndilo linalofanya hali ya Oman iwe tofauti. Safari zetu nyingi zinafika kambini kwa magari: uwanda wa Jebel Shams, ufuo wa Yiti, pembezoni mwa mabonde. (Na tafadhali, pembezoni, si katikati ya bonde. Wadi ni njia ya maji hata ikikaa kavu miezi minane. Wanaokumbuka kimbunga Gonu cha Juni 2007 au Shaheen cha Oktoba 2021 watawaeleza maji yanavyokuja.) Kama unalala karibu na gari, huna sababu ya kununua godoro la upepo hata kidogo. Nenda Wadi Kabir ukakatiwe sponji.

Kwa wageni wa mji, Wadi Kabir maana yake ni bonde kubwa, nayo iko jirani na Ruwi, unafika kwa basi tu. Ni mtaa wa gereji, maseremala, vipuri, vyuma na mafundi wa kushona viti vya magari, na kwa miaka mingi ulijulikana pia kwa soko lake la Ijumaa la magari na vitu vya mtumba. Wenzetu wengi wanapita pale wakienda kutengeneza gari na hawajui kwamba yule fundi wa viti ana dukani mwake malighafi ile ile tunayoiagiza kutoka ng'ambo kwa bei ya kuruka. Sponji za kila aina zimepangwa mpaka darini, na kisu chake kinakata kipimo unachotaka wewe, si kipimo alichoamua mtu wa kiwandani.

Nilipokwenda mara ya kwanza nilikuwa nabishana na fundi kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Yeye ananiita sadik, sadik, ananionyesha laini kabisa, mimi nataka ngumu, hatuelewani. Alikuwepo mzee mmoja anangoja kiti cha gari lake, akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja safi kabisa, "Mwanangu, wataka la kulalia au la kukalia?" Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Mnajua Maskati ilivyo. Waomani wenye asili ya Zanzibar, waliokuja baada ya Mapinduzi ya 1964 na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970, wako kila kona, na Kiswahili kinakufungulia milango usiyoitarajia. Mzee akanifundisha jambo ambalo, kwa aibu ya shahada zangu, limekaa vizuri kuliko maelezo ya vitabu. "Sponji usiiminye kwa kidole," alisema. "Kidole hakilali. Ikalie."

Yuko sahihi. Kwetu dukani, iwe Kariakoo iwe Gikomba, kila mtu anabonyeza godoro kwa kiganja, muuzaji anasema densiti kubwa hiyo bosi, na biashara imekwisha. Lakini ugumu na densiti ni vitu viwili. Ugumu ni jinsi sponji inavyokataa kubonyea leo. Densiti ni kilo ngapi za sponji ziko ndani ya mita moja ya ujazo, na hiyo ndiyo inayoamua kama itakuwa na uhai baada ya miezi sita au itakuwa imekufa katikati, imeacha shimo la umbo lako. Kuna sponji ngumu yenye densiti ndogo: ukiibonyeza dukani unaipenda, baada ya safari tatu umelala sakafuni. Mtu mwepesi anaweza kudanganyika nayo mwaka mzima. Mzito anaiua mwezi mmoja.

Namna ya kujua ukweli ni mizani. Mwambie fundi akukatie kipande cha sentimita 180 kwa 65, unene 5. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.0585. Kikipimwa kikatoa kilo moja tu na kidogo, densiti ni kama 18, kiache. Kikikaribia kilo moja na gramu 900, densiti ni kama 32, lipa uondoke. Hakuna maneno ya muuzaji yanayoishinda mizani. Halafu fuata ushauri wa mzee: kiweke sakafuni ukikalie kwa uzito wote, kwa sababu ukikaa unaweka mkandamizo mkubwa kuliko ukilala. Kama makalio hayaisikii sakafu, nyonga haitaisikia pia. Lala ubavu dakika tano. Watu watakutazama, waache watazame. Mimi changu nililipa riyali saba pamoja na kushonewa mfuko wa turubai, na sijawahi kulala vizuri nje ya nyumba kama nilivyolala kwenye kile kipande.

Kina kasoro zake, sitaficha. Sponji hii ya viti ina vitundu vilivyo wazi, inanyonya maji kama ilivyo, kwa hiyo umande na mvua ni adui, na chini yake lazima utandike kitu kisichopitisha maji. Pia ni kubwa kuibeba. Ukiikunja inakuwa kama mbuzi mdogo mgongoni, na njiani itashika kila mgunga wenye miiba. Kwa safari ya kubeba kwa miguu mwambie fundi akate fupi, sentimita 120 kwa 60, unene 4, itoshe kutoka bega mpaka chini ya nyonga, basi. Hiyo haifiki kilo moja. Ukiikaza kwa mikanda inapungua kiasi cha kufungwa juu ya shanta. Miguu haihitaji godoro, ilalie shanta lenyewe na nguo zako. Wapanda milima wa zamani walifanya hivyo miaka mingi, na nyonga ndiyo iliyokuwa inalia, siyo kisigino.

Hapa kidogo niwape historia, kwa sababu inawahusu wahandisi wanaotafuta kazi. Godoro lile la sponji lenye mdomo wa hewa, linalojijaza lenyewe ukifungua, lilitoka Seattle mwanzoni mwa miaka ya 1970. Boeing ilikuwa imepunguza wafanyakazi wengi, na wahandisi wawili waliopoteza kazi, pamoja na mwenzao mpanda milima, wakafikiri: tukiiweka sponji ndani ya mfuko usiovuja, hewa itabeba na sponji itashika umbo. Ndipo ikazaliwa Therm-a-Rest. Wazo ni zuri mpaka leo, na kwa mzito aina hiyo ikiwa nene, sentimita 7 au zaidi, ni tulivu sana, haikurushirushi ukigeuka. Ila nayo ni nzito kubeba, na ile nene ina bei.

Ukilazimika kununua la upepo kwa ajili ya kubeba mgongoni, nimekwisha sema upana na unene. Angalia pia mistari ya ndani. Yako yaliyogawanywa mirija mirefu, na yako yenye vishimo kama maandazi yaliyopangwa. Kwa mtu mzito mimi napendelea yenye mirija ya pembeni iliyo minene kuliko ya katikati, kwa sababu ukisogea ukingoni inakurudisha badala ya kukumwaga. Usilijaze mpaka ligonge kama ngoma. Lijaze likaze, ulale ubavu, kisha ufungue mdomo wa hewa kidogo kidogo mpaka nyonga izame na bado isiguse chini. Hapo funga. Viwanda vingine vinaandika uzito wa juu godoro linaloweza kubeba, vingi haviandiki. Kisichoandika kwangu mimi ni sawa na lifti isiyo na kibao, unaweza kupanda lakini unapanda kwa imani. Nunua penye kurudisha, lijaze chumbani, lilalie usiku mmoja mzima kabla ya kulipeleka popote, na pitisha povu la sabuni kwenye mishono uone kama linatoa vipovu.

Na lisiposhika upepo usikimbilie kudhani limetoboka. Upepo uliojazwa alasiri kwenye digrii 25 ukipoa mpaka digrii 5 usiku wa manane unasinyaa kama asilimia 7, kwa sheria ile ile ya gesi tuliyoikariri sekondari. Godoro linalegea bila tundu lolote. Ongeza pumzi kidogo kabla ya kulala, basi. Kinyume chake pia ni kweli: usiliache limejaa ndani ya gari juani hapa Maskati, mishono itakuaga.

Baridi nayo isidharauliwe. Watu wanasikia Oman wanafikiri jasho. Pwani ni sawa, lakini Jebel Shams mwezi wa Januari baridi inafika sifuri na kushuka chini yake, na godoro la upepo lisilo na kitu ndani linapitisha baridi ya ardhi moja kwa moja mpaka kwenye figo. Ubora wa kuzuia baridi hupimwa kwa namba ya R. Zamani kila kiwanda kilipima kivyake, lakini tangu mwaka 2018 kuna kipimo cha pamoja, ASTM F3340, kwa hiyo sasa namba hizo zinaweza kulinganishwa. Pwani R ya 1 au 2 inatosha. Jebel Shams wakati wa baridi usiende chini ya 3, na wanaopanga kwenda Kilimanjaro wakirudi nyumbani, kwa njia ya mahema kama Machame, watafute 4 na kuendelea, wawaulize pia mapema waandaaji godoro wanalotoa lina upana gani. Zuri ni kwamba namba za R zinajumlishwa. Ule mkeka wa sponji ngumu ya kukunjwa, wenye vitundu vilivyofungwa usionyonya maji, una R ya kama 2 na hauzidi nusu kilo. Ukiutandika chini ya godoro la upepo umeongeza joto, umelikinga na miiba na ule mwamba mkali, na likitoboka usiku bado una kitu cha kulalia.

Nirudi kwenye fedha. Kamati inapendekeza kununua magodoro 10 mapya, yale yale ya sentimita 51, kwa riyali 15 kila moja, jumla riyali 150. Mimi nimepita kuulizia bei. Kwa riyali 112 tunapata manne ya upepo yenye upana wa sentimita 64, unene wa 9 na R ya kufaa mlimani, riyali 28 kila moja, hayana jina kubwa lakini yana uzito wa juu ulioandikwa, kilo 150. Kwa riyali 42 fundi wa Wadi Kabir anatukatia vipande sita vya sponji, riyali saba kila kimoja, kwa ajili ya usiku wa karibu na gari. Jumla 154. Kwa riyali nne zaidi tuna sehemu 10 za kulala, na kila mwanachama, mnene kwa mwembamba, ana chaguo. Wembamba nao wataipenda sponji, tena nahofia wataigombania.

Na ombi moja kwa mhazini: kwenye fomu ya kujiandikisha usiweke mahali pa kuandika kilo. Hakuna dada atakayeijaza, na kaka zake watadanganya. Weka visanduku viwili tu, godoro la kawaida na godoro pana, mtu atie alama yake bila kuulizwa na bila kutangazwa. Aliyetia alama ya pana apewe pana. Lisije likachukuliwa na mtu wa kilo 55 aliyewahi kufika kambini, kisha tukaambiwa ni bahati mbaya.

Kikao cha bajeti ni Alhamisi baada ya swala ya magharibi. Kipande changu cha sponji kitakuwepo ukumbini, kimetandikwa sakafuni karibu na mlango, na mizani ipo. Anayetaka kukijaribu avue viatu.